Michael Faraday, Mtoto wa Mhunzi

Katika soko la Komanda, mahali zinapokutana barabara za Bunia, Mambasa na Beni, chumvi haikosi mnunuzi. Tajiri huinunua, na maskini huinunua. Samaki wa Ziwa Albert hutiwa chumvi ili wasioze njiani. Ng'ambo ya ziwa hilo, katika kijiji cha Kibiro nchini Uganda, wanawake wametoa chumvi katika udongo tangu zamani sana.

Basi, chukua kijiko kimoja cha chumvi, ukitie katika bilauri ya maji, ukoroge. Chumvi yapotea machoni. Onja maji: kumbe chumvi imo! Imegawanyika kuwa vipande vidogo mno, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Tena kila kipande kina mzigo wake wa umeme. Vipande vingine vina umeme wa alama ya kujumlisha, na vingine vina umeme wa alama ya kutoa. Vipande hivyo vyaitwa ioni, na mzigo wake wa umeme waitwa chaji.

Neno hilo, ioni, lilianza kutumiwa na mtu mmoja katika mwaka 1834. Alikuwa mtoto wa mhunzi. Alisoma shule kidogo tu. Hakujua Kigiriki, ingawa neno lenyewe ni la Kigiriki. Jina lake ni Michael Faraday. Sasa tusome habari za maisha yake, tuone alilipataje neno hilo.

1. Mkate wa juma moja

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, karibu na mji wa London, katika nchi ya Uingereza. Baba yake, James, alikuwa mhunzi. Alifua vyuma na kupiga viatu vya farasi. Lakini alikuwa mgonjwa, na siku nyingi hakuweza kuinua nyundo. Mama yake, Margaret, alikuwa amekulia shambani, naye alijitahidi sana kuwalisha watoto wanne.

Mwaka 1801 nafaka ilikuwa ghali mno katika Uingereza. Watu wengi walilala na njaa. Michael alipewa mkate mmoja, naye ilimpasa kuula mkate huo juma zima. Alikuwa mtoto wa miaka tisa. Wanafunzi, fikirini: kila asubuhi kuukata mkate, kula kipande kidogo, na kuurudisha mwingine kabatini, hali tumbo lalia. Mtoto yule alijifunza mapema kupima na kugawanya. Baadaye kazi hiyo ya kupima ndiyo iliyompa sifa.

Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Alipofika umri wa miaka 13 alikwenda kutafuta kazi. Bwana mmoja aliyeitwa George Riebau alikuwa na duka la vitabu. Alimtuma Michael kupeleka magazeti nyumba kwa nyumba. Alimwona mtoto huyu kuwa mwaminifu, na mwaka uliofuata, 1805, akamchukua amfundishe kazi ya kujalidi vitabu, wala hakumdai ada. Mafundisho hayo yalikuwa ya miaka saba.

2. Sarafu saba

Watu wengi hujalidi vitabu bila kuvifungua. Michael hakuwa hivyo. Mikono yake ilishona kurasa, na macho yake yalisoma. Kitabu kimoja alichokipenda sana kiliandikwa na mama mmoja, Jane Marcet, kueleza mambo ya kemia kwa maneno mepesi. Tena alisoma habari za umeme katika kitabu kikubwa cha maarifa ya kila namna kilicholetwa kujalidiwa.

Lakini hakutaka kuamini tu yaliyoandikwa. Alitaka kujaribu mwenyewe. Akiba yake ilikuwa senti chache tu, naye alinunua vitu vya bei ndogo vilivyotosha kwa majaribio madogo. Kaka yake Robert, aliyeshika uhunzi wa baba, alimpa shilingi za kulipia mafundisho ya jioni. Baba yao alifariki mwaka 1810. Robert angeweza kusema kwamba fedha hazipo. Lakini alizitoa, naye mdogo wake hakuzipoteza bure.

Mwaka 1812 Michael alifanya jaribio moja lililomfurahisha mno. Alichukua sarafu saba za shaba. Alikata vipande saba vya zinki, kila kimoja sawa na sarafu. Kisha alilowesha karatasi katika maji ya chumvi. Akapanga: zinki, shaba, karatasi yenye chumvi, zinki, shaba, karatasi yenye chumvi, mpaka vyote vikasimama kama mnara mdogo. Mnara wa namna hiyo ulikuwa umebuniwa na Mwitalia Alessandro Volta mwaka 1800. Mawe ya tochi tunayoyanunua dukani ni wajukuu wa mnara ule.

Michael alitoa nyaya mbili katika mnara wake, akazitia katika maji yenye chumvi ya magnesi. Mapovu yakatoka. Umeme uliivunja ile chumvi! Sarafu saba na kartasi za kulowa zilifanya kazi ambayo moto wa baba yake usingaliweza kuifanya. Siku hiyo swali liliingia moyoni mwa kijana yule: ndani ya maji yale, ni kitu gani kinachokwenda?

3. Kitabu alichokishona mwenyewe

Wakati ule mjini London kulikuwa na mtaalamu mkubwa wa kemia, Humphry Davy, katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution. Kwa nguvu ya umeme Davy alikuwa amegundua sodiamu na potasiamu mwaka 1807. Mteja mmoja wa duka la Riebau alimpa Michael tiketi za kwenda kumsikiliza. Michael alikwenda mara nne. Aliandika kila alichosikia, akachora vyombo vyote, akazijalidi kurasa zile kwa mkono wake mwenyewe zikawa kitabu. Kisha akampelekea Davy kitabu hicho, pamoja na barua ya kuomba kazi.

Mwanzoni nafasi haikuwapo. Lakini mapema mwaka 1813 mtumishi mmoja wa maabara aligombana na mwenzake, akaachishwa kazi. Davy akamkumbuka kijana wa kitabu. Tarehe 1 Machi 1813 Michael Faraday aliandikwa kazi. Mshahara wake ulikuwa shilingi 25 kwa juma, pamoja na vyumba viwili vya juu vya kulala. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kuwasha moto na kutengeneza vyombo. Alikuwa na miaka 21.

Mwaka ule ule Davy alisafiri kwenda Ufaransa na Italia, akamchukua Faraday. Safari ilidumu mwaka mmoja na nusu. Faraday aliwaona wataalamu wengi, hata Volta mwenyewe, aliyekuwa mzee. Lakini mke wa Davy alimtendea kama mtumishi wa nyumbani. Faraday alihuzunika, akafikiri kurudi kwao na kuacha elimu kabisa. Hata hivyo alivumilia, maana kila siku alikuwa akijifunza jambo jipya.

Waliporudi aliendelea kupanda polepole. Mwaka 1821 alioa mke mwema, Sarah Barnard. Mungu hakuwajalia watoto, lakini waliishi kwa upendo mpaka kufa. Wote wawili walikuwa Wakristo wa dhehebu dogo, watu wasiotafuta mali wala ukubwa. Mwaka 1824 wenzake walitaka kumwingiza katika chama kikuu cha wataalamu wa Uingereza. Davy alikuwa mkuu wa chama hicho, naye alipinga. Mwalimu alimwonea mwanafunzi wake wivu. Faraday alichaguliwa hata hivyo. Lakini hakulipa ubaya kwa ubaya: maisha yake yote alimtaja Davy kwa heshima, kwa sababu ndiye aliyemfungulia mlango.

4. Mizani ya Faraday

Mwaka 1831 Faraday aligundua ya kuwa sumaku ikitembezwa karibu na waya huzaa umeme katika waya huo. Mashine kubwa za mtoni na jenereta ndogo za dukani hufuata kanuni hiyo mpaka leo. Mtu mwingine angepumzika. Faraday alirudi kwenye swali lake la zamani, swali la sarafu saba: umeme ukipita katika chumvi, ni kitu gani kinachokwenda, na kwa kiasi gani?

Aliyeyusha chumvi mbalimbali, akapitisha umeme, akapima kila kilichotoka. Alipima tena na tena. Mwisho aliona sheria mbili.

Sheria ya kwanza ni hii: kadiri umeme unavyopita kwa wingi, ndivyo vitu vinavyotoka kwa wingi. Umeme ukiongezwa mara mbili, vitu vyaongezeka mara mbili.

Sheria ya pili yashangaza zaidi. Kila kitu kina kipimo chake. Umeme unaotoa gramu 1 ya haidrojeni, umeme huo huo hutoa karibu gramu 108 za fedha, au karibu gramu 32 za shaba, au gramu 9 za alumini.

Sasa tuhesabu. Leo twajua ya kuwa atomi moja ya fedha ina uzito wa karibu mara 108 ya atomi ya haidrojeni. Umeme umetoa 108: hesabu ni sawa. Kila atomi ya fedha ilidai fungu moja la umeme. Lakini atomi ya shaba ina uzito wa karibu mara 64, na umeme umetoa 32 tu, yaani nusu. Maana yake nini? Maana yake kila atomi ya shaba ilidai mafungu mawili. Atomi ya alumini ina uzito wa mara 27, na umeme umetoa 9, yaani theluthi. Basi kila atomi ya alumini ilidai mafungu matatu.

Mafungu hayo ndiyo chaji. Ioni ya fedha ina chaji 1, ioni ya shaba ina chaji 2, ioni ya alumini ina chaji 3. Faraday mwenyewe alipima bati. Alipata ya kuwa kwa kila sehemu 1 ya haidrojeni hutoka karibu sehemu 58 za bati. Atomi ya bati ina uzito wa karibu mara 119. Mwanafunzi mwenye akili aona mara moja: ni karibu nusu. Bati lile lilikuwa na chaji 2. Kitu kidogo hata jicho lisikione kimehesabiwa kwa mizani!

Elimu hiyo ilifika hata nchini kwetu Kongo. Katika kiwanda cha Shituru, mjini Likasi, shaba ya Katanga ilianza kutolewa kwa umeme mwaka 1929. Madini yaliyeyushwa katika asidi, umeme ukapitishwa, na ioni za shaba, zenye chaji 2 za kujumlisha, zikasafiri majini na kugandamana juu ya bamba, shaba safi nyekundu.

5. Kutafuta jina

Faraday alikuwa na shida moja. Alikuwa na vitu vipya, lakini majina ya zamani hayakufaa. Watu walizoea kuziita zile ncha mbili za waya kwa jina la nguzo, kama nguzo za sumaku. Jina hilo lilidai ya kuwa ncha zenyewe huvuta vitu kama sumaku inavyovuta msumari. Faraday alikuwa amepima, akaona si hivyo. Kwake ncha zilikuwa milango tu, ambamo umeme waingia na kutoka. Jina la uongo hupotosha kila anayelitumia, hata kama ana nia njema.

Sisi nasi twajua jambo hilo. Mtoto akizaliwa, hapewi jina ovyo ovyo. Wazee hukaa, hushauriana, kwa maana jina ataishi nalo.

Faraday hakujua Kigiriki, lugha ambayo wataalamu walizoea kutoa majina. Alikuwa sasa mtu wa sifa, mwenye miaka zaidi ya 40. Angeweza kuona haya kuuliza. Hakuona haya. Alimwuliza rafiki yake, daktari Whitlock Nicholl. Kisha, mwaka 1834, alimwandikia William Whewell, mwalimu wa Cambridge, akamweleza wazi shida yake na majina aliyokuwa ameyajaribu. Whewell alimjibu kwa wema, naye Faraday akachagua.

Ncha zote mbili ziliitwa elektrodi, maana yake njia za umeme. Kisha Faraday alitumia mfano wa jua. Jua hupanda mashariki na kushuka magharibi. Mlango wa umeme kuingia ukaitwa anodi, yaani njia ya kupanda. Mlango wa kutoka ukaitwa katodi, yaani njia ya kushuka. Vipande vinavyosafiri vikaitwa ioni, maana yake vyenye kwenda. Vile vinavyokwenda kwenye anodi ni anioni. Vile vinavyokwenda kwenye katodi ni kationi.

Angalieni busara yake. Faraday hakujua bado umeme ni kitu gani hasa. Kwa hiyo alichagua majina yasiyodai zaidi ya alichokiona. Aliona vitu vinakwenda, akaviita vyenye kwenda. Basi. Baadaye wataalamu waligundua mengi ambayo hakuyajua, lakini hawakuhitaji kuyafuta majina yake. Jina linalosema kweli halizeeki.

6. Waliokuja nyuma yake

Faraday alidhani ya kuwa umeme ndio unaozitenga ioni. Mwaka 1884 kijana wa nchi ya Uswidi, Svante Arrhenius, aliandika ya kuwa chumvi ikiingia majini hutengana yenyewe, hata kabla ya umeme kupita. Walimu wake wa Uppsala hawakuamini, wakampa alama ndogo. Hakukata tamaa. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa jambo hilo hilo.

Mwaka 1897 Mwingereza J. J. Thomson aligundua elektroni, kitu kidogo kuliko atomi, chenye umeme wa alama ya kutoa. Hapo siri ya chaji ikafunguka. Ndani ya atomi mna protoni, zenye alama ya kujumlisha, na elektroni, zenye alama ya kutoa. Zikiwa sawa kwa hesabu, atomi haina chaji. Zisipokuwa sawa, atomi imekuwa ioni.

Wanafunzi wengi hukosea hapa. Huuliza, atomi ikipoteza elektroni, kwa nini hupata alama ya kujumlisha? Fikirini elektroni kuwa ni deni la faranga moja. Mtu akiondolewa deni moja, hali yake yapanda kwa moja. Mtu akiongezewa deni moja, hali yake yashuka kwa moja. Sodiamu huachia elektroni moja: chaji yake ni kujumlisha 1. Klorini huipokea elektroni ile: chaji yake ni kutoa 1. Hizo ndizo ioni mbili za chumvi yetu ya mezani.

Shikeni chaji hizi kwa moyo. Sodiamu, potasiamu na fedha zina kujumlisha 1. Magnesi, kalsiamu na zinki zina kujumlisha 2. Alumini ina kujumlisha 3. Klorini ina kutoa 1. Oksijeni ina kutoa 2.

Namna ya kuzitaja ni nyepesi. Kationi ya madini hukaa na jina lake: ioni ya sodiamu, ioni ya kalsiamu. Anioni ya kitu kimoja hubadili mwisho wa jina: klorini yawa kloridi, oksijeni yawa oksidi. Kwa hiyo jina la chumvi katika kemia ni kloridi ya sodiamu.

Madini mengine yana chaji zaidi ya moja. Chuma ni mfano. Hapo yatupasa kuitafuta chaji kwa hesabu, kisha kuiandika kwa namba ya Kirumi. Tazameni vumbi jekundu la barabara ya Komanda, linaloingia katika nguo na nywele. Wekundu wake watoka hasa katika chuma kilichoungana na oksijeni. Katika oksidi moja nyekundu, atomi mbili za chuma zimeshikana na atomi tatu za oksijeni. Kila oksijeni ina kutoa 2; tatu zina kutoa 6. Kitu kizima hakina chaji, basi chuma sharti kilete kujumlisha 6. Chuma ni viwili. Sita gawanya kwa mbili ni tatu. Jina lake ni oksidi ya chuma (III). Kama chuma kimoja kimeshikana na oksijeni moja tu, ni oksidi ya chuma (II).

Ni hesabu ya kugawanya tu, kama mtoto aliyegawanya mkate mmoja kwa siku saba.

7. Mwisho wa maisha yake

Tangu karibu mwaka 1840 afya ya Faraday iliharibika. Alisahau mambo mengi, hata majaribio aliyokwisha kuyafanya. Kwa mtu aliyeishi kwa akili yake, hilo lilikuwa jaribu kali. Akaandika kila kitu katika madaftari yake, kila jaribio na namba yake, ili karatasi ikumbuke kile ambacho kichwa kimekiacha.

Hakuacha kuwafundisha watoto. Kila mwaka wakati wa Noeli palikuwa na mafundisho ya watoto katika Royal Institution, naye aliyatoa mara 19, kati ya mwaka 1827 na mwaka 1860. Mara nyingine alichukua mshumaa mmoja tu, akawaeleza watoto kemia yote iliyomo katika ule mwali. Hakusahau ya kuwa yeye mwenyewe alifunguliwa macho na kitabu cha maneno mepesi.

Walitaka kumfanya mkuu wa chama kile ambacho Davy alimpinga asiingie, alikataa. Walitaka kumpa cheo cha heshima cha kifalme, alikataa pia. Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kukaa huko Hampton Court, naye aliishi hapo na Sarah. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867, ameketi kitini mwake. Hakutaka kuzikwa pamoja na wakubwa wa nchi. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London, chini ya jiwe lisilo na urembo.

Michael Faraday hakuwa na shule kubwa wala mali. Lakini alipima kabla ya kusema. Aliuliza pale asipojua. Hakukipa kitu jina lililozidi ukweli wake. Wewe mwanafunzi wa Komanda, jioni mama atakapokutuma kununua chumvi, ishike mkononi ukumbuke ya kuwa ndani yake zimo ioni zisizohesabika, na ya kuwa mtoto wa mhunzi ndiye aliyezipa jina.

Maswali

1. Kwa nini Michael alipewa mkate mmoja kwa juma zima?
2. Alitumia vitu gani kutengeneza mnara wake wa umeme mwaka 1812?
3. Kaka yake Robert alimsaidiaje? Wewe wawezaje kumsaidia ndugu yako anayesoma?
4. Kwa nini Faraday hakulipenda jina la nguzo?
5. Taja ioni mbili za chumvi ya mezani, na chaji ya kila moja.
6. Kalsiamu moja yahitaji kloridi ngapi ili chaji ziwe sawa? Jina la kitu hicho ni nini?
7. Zinki ina atomi yenye uzito wa karibu mara 65 ya haidrojeni. Umeme unaotoa gramu 1 ya haidrojeni utatoa gramu ngapi za zinki?